Mwali Asiyetunzwa

Mwaka 1938, siku tatu kabla sijaolewa na Seif, fundi mwashi wa Mkuyuni, mama yangu Mwaija alizunguka nyumba za Mirongo kuwaalika wanawake waje kunitunza. Kila alipopiga hodi alisema maneno yale yale.

"Njooni mle, mpige vigelegele, mumwombee dua mwanangu. Lakini asije mtu na kitu. Si kanga, si shuka, si kitambaa cha kichwa."

Jirani yetu Bi Tabu alicheka. "Kumtunza mwali bila tunzo! Hiyo ni kumtunza au kumtazama?"

Mama akaenda nyumba iliyofuata. Mimi jibu nilikuwa nalo moyoni, na liliniuma. Uso wangu umejaa makovu ya ndui. Nilidhani Mama ananionea haya, kwamba anaona vitu vizuri havistahili kuwekwa mbele ya uso kama huu.

Miaka saba nyuma dada yangu Arafa alitunzwa katika nyumba yetu hiyo hiyo. Walitandika mikeka miwili, ikajaa tunzo. Ndoa yake ilipangwa mwezi uliofuata, lakini baada ya wiki mbili homa ikamshika, kisha vipele vikamtoka hadi kwenye ulimi. Mimi nililala naye kitanda kimoja, nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilipona. Yeye tulimzika. Watu wa afya wakaja wakachoma godoro, mikeka na kila nguo iliyokuwemo ndani.

Siku yangu ilipofika walikuja wanawake tisa tu. Niliketishwa chini, nimefunikwa kanga gubigubi, nikawa nasikia sauti bila kuona watu. Ngoma ilipigwa kidogo ikafifia. Walikula wali na sato kimyakimya, na walioshiba wakaanza kunong'ona.

Ndipo aliposimama mtu mlangoni. Nilimtambua kwa kikohozi. Alikuwa Shangazi Mwanvua, dada pekee wa baba yangu Bilali, ametembea kwa miguu kutoka Kisesa.

"Shikamoo, Shangazi," nilisema chini ya kanga.

"Marahaba, mwanangu."

"Hata shangazi mtu hana kitu mkononi?" Bi Tabu aliuliza kwa sauti. "Basi watoto wa nyumba hii hawana thamani. Au tunaogopewa uchawi? Mwaija, tuambie. Sisi tumekukosea nini?"

Nikasikia Shangazi akiketi, si kwenye mkeka, bali pale pale kizingitini.

"Msimlaumu wifi yangu," alisema. "Anawakataza nyinyi nyote ili asinikataze mimi peke yangu."

"Wifi, nyamaza," Mama alisema.

"Nimenyamaza miaka saba. Zile kanga nilizomletea Arafa hazikutoka dukani. Nilizinunua kwa mwanamke wa Kisesa aliyefiwa na binti yake. Nilijua binti aliuawa na ndui. Nilizifua mara mbili kwa maji ya moto, nikazianika juani siku nzima. Nilidhani zimesafika. Nilitaka na mimi nionekane nimekuja na kanga mpya kama wenzangu. Arafa alijifunga jioni ile ile, akanishukuru."

Niliondoa kanga usoni nikamtazama Mama. Hakuwa ameshtuka.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Tangu arobaini ya dada yako. Mwanamke mmoja aliyekuja kuhani kutoka Kisesa ndiye aliyeniambia. Baba yako akanisihi nisiseme neno. Alisema dada yake ni mmoja tu."

"Na mimi je?"

Mama alianza kukusanya sahani.

Bi Tabu akawa wa kwanza kuondoka. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wakitafuta viatu vyao bila kuaga, mpaka tukabaki watatu na sufuria la wali ambao haukuliwa hata nusu.

Shangazi alisogea kwa magoti akataka kunishika mguu. Nilikuwa nimeshasikia kwamba mtu akitubu husamehewa, na nilitaka kusema neno. Lilikataa kutoka. Niliuvuta mguu nikaukalia. Akainuka, akajifunga vizuri, akatoka bila kuonja chakula. Mama alimfuata mpaka barabarani. Sijui walizungumza nini. Aliporudi aliosha vyombo vyote peke yake, hata vilivyokuwa safi.

Niliolewa Ijumaa ile. Baba alikwenda Kisesa kumleta dada yake akarudi peke yake, na tangu siku hiyo alikula barazani, mbali na Mama.

Nilipojifungua binti, nilimbeba mgongoni nikaenda Kisesa bila kumwambia mtu. Shangazi alikuwa anapepeta mtama uani. Nilimfungua mtoto nikamnyooshea. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Amechanjwa?"

"Bado."

"Mpeleke akachanjwe kwanza," alisema. "Ndipo umlete."

"Mshike kidogo tu, Shangazi."

"Hapana, mwanangu."

Sikumbembeleza. Labda na mimi niliona afadhali asimshike. Alinitolea kigoda, yeye akakaa upande wa pili wa ua, akauliza habari za Seif na za kazi yake ya ujenzi. Jua lilipopungua makali nikamfunga mtoto mgongoni, nikaondoka.