Ufagio wa Zuleide na Mlafi wa Mkorosho

Habari hii alinipa Zuleide mwenyewe, mwaka ule wa ukame, tukichambua maharage jikoni kwake.

Nyuma ya jiko pana mkorosho, na humo walikaa sagui, tumbili wadogo wa kujaa kiganjani tu. Jua lilipokausha hata utomvu wanaoulamba, Zuleide akaanza kuwawekea ndizi ukutani. Mmoja alibeba mapacha mgongoni, na huyo ndiye aliyemwingia moyoni. Lakini ndizi ikiwekwa, mwenzake alitangulia kula, na mwenye watoto akakaa kando akingoja.

"Unamwona baba mlafi yule?" alimwambia mumewe, Genival. "Mama wa watu kalemewa, yeye anajaza tumbo! Sijui kamfuata nani."

Genival alikuwa kajilaza kwenye kitanda chake cha kuning'inia. "Mama Mapacha, mimi nimekaa kimya zangu."

"Mapacha wangu mimi uliwabeba lini?"

"Si walikuwa wakikulilia wewe?"

Zuleide akashika ufagio. Siku nne alimfukuza mlafi, ndizi zote akampa mwenye watoto. Siku ya tano mapacha wamelegea, mmoja nusura aanguke.

Zuleide akaketi mlangoni, akawatazama bila kupepesa. Mara mlafi akasogea kwa woga kwenye tawi. Mapacha wakamhamia mbio, wakakitafuta kifua chake, wakanyonya, wakaacha, wakalia kwa sauti nyembamba. Hakikutoka kitu.

"Mungu wangu! Genival! Huyu ndiye mama! Nimemnyima chakula mwenye kunyonyesha!"

"Na mbebaji?"

"Baba! Kumbe alikuwa anamwachia mkewe ale."

Akautupa ufagio, akaweka ndizi zilizoiva sana, akarudi nyuma kabisa. Jike akasita, kisha akala. Dume akawapokea watoto, akangoja zamu yake. Kufikia Jumapili mapacha walikuwa wakivutana mikia.

Mchana huo Zuleide alichukua sahani ya Genival ampakulie kwanza, kama miaka yote arobaini. Genival akamnyang'anya upawa.

"Anza wewe, bibi. Ule ufagio naujua."

Zuleide akacheka mpaka maharage yakampalia. Akashiba, akasinzia. Genival akala yaliyobaki, akaosha sufuria ovyo ovyo, akajitupa kitandani kwake, naye usingizi ukamchukua.