Kitambaa cha Chumba Takatifu

Kila asubuhi Hildegarda aliinua chupa moja moja mbele ya taa, nyuma ya chupa akiwa ameegemeza ubao mweusi. Aliigeuza chupa taratibu kichwa chini miguu juu, kisha akaishika mpaka ikatulia. Maji yaliendelea kuzunguka ndani kwa muda, na kama yalikuwa na kosa lolote, kosa hilo ndipo lilipoanza kuelea.

Mwaka ule yalikuwa na kosa. Vitu vyeupe, vidogo kuliko punje za chumvi, vilishuka polepole kama sufi inayouacha mti wake siku isiyo na upepo. Vilipendeza kutazama, na hilo ndilo lililomtia hofu. Mara nyingine alijikuta amesimama na chupa mkononi akivifuata kwa macho, na kwa kitambo hicho hakuwa tena mama mtu mzima; alikuwa mtoto wa kijiji cha Kisanga aliyelala chali kwenye majani makavu, akingoja sufi itue usoni pake. Halafu alizinduka, akaiweka chupa upande wa kushoto, upande wa zile ambazo maji yake hayawezi kuingia kwenye mshipa wa mtu.

Upande wa kushoto ulikuwa umejaa.

Hospitali ile ya misheni, kando ya barabara ya vumbi itokayo Kilosa kwenda Mikumi, ilijitengenezea dripu zake yenyewe. Chumba cha kazi hiyo kilikuwa kidogo, nyuma ya famasi: kuta za rangi ya mafuta, meza ya chuma kisichoshika kutu, mtambo wa kuyageuza maji kuwa mvuke na mvuke kuwa maji tena, na dirisha lisilofunguliwa kamwe. Bruda mmoja wa Ulaya ndiye aliyekijenga. Siku ya kukifungua alisimama mlangoni, akawaambia wafanyakazi kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Hiki ni chumba takatifu." Alitaka kusema chumba kilichotakata, kisafi kupita vyote. Hakuna aliyemsahihisha. Bruda alirudi kwao, jina likabaki. Hata Waanglikana wa milimani waliokuja kuwaona wagonjwa wao walishusha sauti walipopita mbele ya mlango ule.

Siku hiyo Sista Scolastica, msimamizi wa hospitali, alisimama kwenye mlango huohuo bila kuvuka kizingiti.

"Tumsifu Yesu Kristo, Hilda."

"Milele amina, Sista."

Sista alizitazama chupa za kushoto. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Akiwa na jambo zito aliishusha zaidi.

"Jimboni wameniuliza tena habari za mtambo. Wanasema kama sisi umetushinda, ziko hospitali zinazouhitaji."

"Haujatushinda, Sista. Maji yenyewe hayana neno. Kuna kitu kinaingia baadaye."

"Nakuamini. Lakini siwezi kumtundikia mgonjwa imani yangu." Sista aliinua macho, mvua ikipiga juu ya bati. "Mkupuo wa kesho ukitoka kama hizi, nitafunga mlango huu mwenyewe na mtambo uende. Mto Mkondoa umefurika, reli imekatika kule Munisagara, na dripu za kununua ziko ndani ya lori lililokwama njiani. Wodini zimebaki za kuhesabu kwa vidole. Fanya unaloweza, mwanangu."

Alipoondoka, Hildegarda alikaa kwenye kigoda akautazama mtambo. Tone lilianguka, likafuata jingine. Alikuwa ameyasikiliza matone hayo miaka mingi, na sauti yake ilikuwa imeingia hata kwenye ndoto zake, ambamo alitembea ndani ya mto usio na kina, maji yakimfika vifundoni, na kila jiwe chini yake lilionekana.

Aliwashuku wahusika wa karibu, yaani vitambaa. Meza, kuta na shingo za chupa zilifutwa kila asubuhi, na zamani vitambaa vya kufutia vilikatwa kutoka kwenye marekani mpya. Viwanda vya nguo vilipoanza kufungwa kimoja kimoja na mitumba kuingia kwa marobota, vikawa vipande vya fulana na mashuka ya watu wa mbali. Ukikipiga kitambaa hicho mbele ya taa, uliona nyuzi zikiruka. Pamba, alijiambia. Ni pamba tu. Ndiyo maana aliagiza Dar es Salaam, ambako siku hizo kila mwenye chumba na simu alikuwa mwagizaji wa kitu fulani kutoka nje, na mmoja wao akatuma sampuli kwa basi la Iringa.

Damiano, mtunza stoo, ndiye aliyezifuata Mikumi wiki iliyopita kwa baiskeli, tope mpaka magotini. Aliweka mezani paketi mbili za vitambaa vyeupe na bunda la karatasi nene za kufutia, akasoma maandishi kwa shida.

"Poliesta. Si ndiyo tetroni hiyo, dada Hilda?"

"Ndiyo hiyo."

"Na hapa wameandika inanyonya."

"Inanyonya sana, wameandika."

"Mimi nilioa na suti ya tetroni," Damiano alisema. "Kanisani jasho lilitafuta pa kwenda likakosa, likateremka mpaka kwenye soksi. Mke wangu hadi leo ananiuliza siku ile nilikuwa nalia nini. Sasa hiyo ndiyo inanyonya?"

"Tutaijaribu."

"Miaka yote ile tuliimbishwa kwamba mnyonyaji ni adui. Leo tumempigia simu Dar, atuletee kwa basi."

Hildegarda alicheka, ingawa hakutaka. Paketi moja aliipandisha rafuni ikiwa imefungwa. Nyingine aliipeleka kwa dobi, maana hakuna mtu pale aliyeweza kutumia kitambaa kipya kabla hakijafuliwa. Huko kilikotoka kimeshikwa na mikono ya nani, nani ajuaye.

Sasa vilikuwa vimerudi, vimekunjwa vizuri, kingo zimelingana. Hildegarda hakuwa mtu wa kukubali wala kukataa jambo kabla ya kulitazama, na mengi aliyoyajua aliyajua hivyo, kwa kujaribu peke yake. Alidondosha maji juu ya kigae, akalaza juu yake kitambaa cha poliesta. Alipokiinua, maji yalikuwa palepale. Alijaribu upande wa pili. Tone lilipanda juu ya kitambaa likabingirika, zima na lenye kung'aa, kama juu ya jani la gimbi, likaangukia sakafuni.

"Maji hata hodi hayajapiga, yameshafukuzwa," alisema Damiano, aliyekuwa akitazama kupitia kioo cha mlango. "Tetroni ni tetroni, dada."

Karatasi nazo zilikunywa vizuri, lakini zilipokutana na ukingo wa meza zikachanika na kuacha manyoya. Fulana ya mtumba ilikunywa nusu, nusu ikaisukuma mbele. Mchana ulikuwa umefika. Hapakuwa na kitambaa cha nne.

Alikaa tena kwenye kigoda, kitambaa cha poliesta mapajani. Mvua ilikuwa imepungua, na mwanga wa dirishani ukawa mweupe usio na upande, kiasi kwamba kuta, meza na mikono yake vilionekana kuwa kitu kimoja kilichoumuka taratibu. Alipitisha kidole juu ya kitambaa. Kikalia, kwa sauti ndogo, kavu. Akakileta karibu na pua.

Kilinuka Jumapili.

Alifumba macho, na hapo alikuwa kanisani, msichana wa gauni la kufupishwa, benchi la mbele. Nguo ya altare ilisimama kwenye pembe zake kana kwamba ndani yake kuna mbao, na ilinuka hivi hivi, pasi ya mkaa na muhogo uliochemshwa. Alikaa ndani ya harufu ile kwa muda asioujua. Hakuwa na haraka nayo. Kisha, bado amefumba macho, aliukumbuka mkono wake ulipofungua ile paketi wiki iliyopita. Kitambaa kilikuwa kimelegea mkononi kama sikio la mbuzi.

Akafumbua macho.

Aliteremsha chupa ya iodini. Kila aliyepita darasa la sayansi aliwahi kudondosha iodini juu ya kiazi na kuona wanga ukigeuka bluu; hakuna aliyewahi kufikiri kuidondosha juu ya kitambaa. Tone la kahawia lilitua kwenye pembe ya poliesta, likakaa, halafu likaanza kubadilika kutoka katikati kwenda nje, zambarau kwanza, kisha bluu nzito, kama anga la Mikumi kabla ya radi. Alifanya vilevile kwenye kipande cha fulana. Bluu. Alimimina maji ya chupa moja ya upande wa kushoto ndani ya bilauri, akatia iodini kidogo, akaiinua mbele ya taa. Vile vitu vyeupe viligeuka kimoja kimoja, na badala ya sufi ikawa inashuka mvua ndogo ya bluu. Katikati yake zilielea nyuzi chache nyembamba, ambazo hazikugeuka. Hizo zilikuwa pamba.

Kwa hiyo vilikuwa vitu viwili, na yeye alikuwa akikitafuta kimoja.

Alifungua paketi ya rafuni. Kitambaa kilimlegea mkononi. Alikilaza juu ya tone, na tone likaondoka duniani. Kigae kilibaki kikavu kama mfupa. Alikitazama kwa muda mrefu. Uzi wenyewe ulikuwa haunywi, Damiano hakukosea. Maji yalikaa kati ya uzi na uzi, kama wageni walioenea ua mzima bila hata mmoja kuingia ndani ya nyumba. Anayeziba ua huo kwa uji amewafungia wageni nje.

Dobi wa hospitali alikuwa Mama Generoza, na chumba chake kilikuwa mwisho wa ujia, penye mvuke mwingi kuliko hata wa mtambo. Alikuwa akifua nguo za altare tangu Hildegarda hajazaliwa. Nguo za chumba cha dripu zilimfikia tangu kiangazi kilichopita tu, pampu ya kule nyuma ilipoharibika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Usikanyage hapo, pana maji."

Hildegarda aliketi kwenye kitako cha ndoo iliyofudikizwa. Njiani alikuwa ametafuta maneno, na yote yaliyopatikana yalikuwa na ncha.

"Mama, vitambaa vya chumba changu unavifuaje?"

"Kama inavyotakiwa." Mama Generoza hakuacha kukamua. "Navichemsha, nasuuza, navipiga wanga, napitisha pasi. Hivi vipya ulivyoleta pasi niliigusisha tu, vinajikunja kama vinaogopa moto. Lakini wanga vimeshika. Umeona vilivyosimama?"

"Nimeona."

"Nilikuwa nafua mashuka ya wodi bila wanga, hayo ni mashuka. Lakini kitambaa cha chumba takatifu kiingie kimenyong'onyea? Padre akikuta kitambaa cha kalisi kimelegea anarudisha. Nikajua na huko ni hivyohivyo."

Hildegarda aliyatazama mabeseni. Katika moja wanga ulikuwa umetulia, mweupe na laini, na juu yake lilielea jani moja la mwarobaini lililodondoka kutoka dirishani.

"Mama, bruda alitaka kusema chumba kisafi."

"Si ndiyo nimesema?"

"Kisafi tu. Kule hatuna altare. Tunafuta mpaka pasibaki kitu, hata wanga."

Mama Generoza aliacha kukamua. Maji yaliendelea kudondoka kutoka kwenye nguo aliyoishika. Aliangalia beseni, kisha akamwangalia Hildegarda, na Hildegarda aliona swali likifika usoni pake kabla halijafika mdomoni.

"Zile chupa wanazomwaga kila siku," Mama Generoza alisema. "Ni mimi?"

"Ni wanga. Na pamba. Na mimi niliyeleta vitambaa bila kusema vinaenda kufanya kazi gani."

Mama mzee aliilaza nguo kando ya beseni. Halafu akauliza, "Sasa vitaingiaje?"

"Visuuzwe kwa maji ya mtambo tu, vipite kwenye mvuke, basi. Hakuna wanga, hakuna pasi."

"Basi vitaingia uchi."

"Uchi kabisa, mama."

Mama Generoza alitikisa kichwa, mabega yakaanza kumtetemeka, na ilichukua muda Hildegarda kutambua kwamba anacheka.

Vitambaa vya ile paketi ya rafuni walivisuuza pamoja alasiri ile, ndani ya beseni jipya. Asubuhi iliyofuata Hildegarda alikunja kimoja mara mbili, akakilowesha kidogo, akafuta meza kutoka upande safi kuelekea mlangoni, mfuto mmoja mmoja, kila mfuto kwa uso mpya wa kitambaa. Alifuta polepole. Chuma kilibaki nyuma ya mkono wake kama maji ya asubuhi kabla mtu hajachota. Alifuta kuta, akafuta shingo za chupa, akaacha matone yaanguke.

Chupa zilipotoka kwenye mvuke na kupoa, Sista Scolastica alikuja na kusimama kizingitini, mikono ndani ya mikono ya joho. Hildegarda aliinua chupa ya kwanza mbele ya ubao mweusi, akaigeuza, akaituliza. Maji yalizunguka. Alingoja sufi. Alijiona tena amelala chali kwenye majani ya Kisanga, anga limetanda juu yake, na hakuna kilichokuwa kikishuka.

Akaiweka kulia. Akachukua ya pili, akaiweka kulia. Alipofika katikati, Sista aligeuka akaenda, na viatu vyake vilisikika ujiani vikielekea wodini, si ofisini.

Jioni chupa ya kwanza ilitundikwa juu ya Kishiwa, mke wa mfugaji kutoka Msowero, aliyeletwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe akiwa hana hata machozi ya kulia. Ngolo, mumewe, alisimama pembeni ameshika kofia, akiyatazama matone. Mama Generoza aliingia na mashuka mikononi. Hakuwa mtu wa kukaa wodini, lakini alisogea mpaka chini ya chupa, akaikazia jicho moja kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Hilda," alisema kwa sauti ya chini, ile ya kupita mbele ya mlango wa chumba takatifu. "Mimi sioni kitu."

Hildegarda alikuja akasimama karibu naye. Waliangalia pamoja, kwa muda mrefu, tone likianguka na jingine likifuata.

"Hata mimi, mama."