Wati Ishirini za Ziada

Mama mkwe wa fundi aliingia dukani kwake saa nne asubuhi, kompyuta kaikumbatia kifuani kama mgonjwa, akaitua mezani hata salamu hajamaliza.

"Imekufa, mwanangu. Na aliyeiua namjua. Ni shemeji yako na michezo yake. Nimempiga marufuku chumbani kwangu."

Shemeji huyo alikuwa muuguzi, mtu mzima mwenye ndevu zake. Siku za mapumziko alikuwa akicheza mpira kwenye kompyuta hiyohiyo ambayo mama yake aliitumia kuhariri video za harusi. Fundi alimpa mama pole, akamvutia kiti, akafungua skrubu za ubavuni bila haraka. Akaing'oa kadi ya picha, ile inayosukuma video kwenye skrini, akainama karibu zaidi.

Kwenye mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba kila kitu, mfereji wa kuchomekea kadi ulikuwa umegeuka kahawia upande mmoja, plastiki imejikunja. Fundi akapafunika kwa kidole gumba, kama mtu anayejishikiza tu.

Alijua. Mfereji ule umetengenezwa kuilisha kadi wati sabini na tano, basi. Kadi aliyomfungia mama haikuwa na waya wake wa umeme. Ilikula kila kitu kupitia ubao. Dada yake kadi hiyo, mwenye kasi zaidi, ndiye aliyeundwa akiwa na waya wa pembeni. Miezi miwili nyuma fundi alichukua programu ya ndani ya dada mtu akaipandikiza kwa mdogo mtu, ili video za mama zitoke upesi naye asifiwe. Kadi ikaanza kudai wati tisini na tano, na waya haina. Hakupima. Alikisia kwamba ubao ungestahimili.

Na mama alikuwa amemwuliza. "Mwanangu, mbona hapa ndani panachemka hivi? Ubao hautaungua?" Sebule nzima ya ukweni ilikuwa inasikiliza. Akajibu, "Mama, wewe kata video, umeme niachie mimi." Watu wakaangua kicheko. Mama naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

"Sasa ni michezo, au siyo?" mama aliuliza.

Fundi mwenzake, aliyebandikwa jina la Risasi kwa kupenda kulehemu kwa risasi, aliinua kichwa kwenye meza ya pili. Alikiona kidole, akaelewa. "Michezo ya siku hizi mikali, mama," alisema. "Inachosha hata vyuma."

Mlango wa kukwepa lawama ulikuwa umeshafunguliwa. Fundi alitakiwa kunyamaza tu.

"Nilijua," mama alisema. "Aliapa hajafanya kitu, nikamwita mwongo. Tangu juzi hajanipigia simu."

Fundi akaondoa kidole.

"Si michezo, mama. Ni mimi."

Akaeleza yote: programu, sabini na tano, tisini na tano. Hakujua njia nyingine ya kueleza ila kwa tarakimu, na kila tarakimu ilitoka kwa sauti ndogo kuliko iliyotangulia. Mama alivaa miwani, akainamia pale palipoungua, akapatazama kwa muda.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza, mama."

"Ukanifanya kichekesho."

Fundi aliiweka kadi mezani.

"Nisamehe, mama."

"Msamaha wangu usubiri kwanza. Mpigie shemeji yako. Na uweke sauti ya juu. Siku ile ulivyonijibu, watu walisikia."

Risasi alinyoosha mkono akazima feni. Simu iliita mara tatu.

"Shemeji," sauti ilisema, "kama umetumwa na mama, mwambie muuaji yuko zamu, anachoma watu sindano."

Hakuna aliyecheka. Fundi akaisogelea simu.

"Kompyuta niliiunguza mimi, shemeji. Kadi niliichezea mwenyewe, lawama ukabeba wewe."



"Rudia," shemeji alisema, na safari hii hakuwa na utani.

Fundi akarudia.