Mteremko wa Kwenda Juu

Jumatatu asubuhi karani wa vyeti alikuwa amekaa dirishani, ghorofa ya juu, anamenya karanga. Maganda yalikuwa yanamwangukia begani binti mmoja aliyekuwa chini kwenye kiti cha magurudumu. Mtaani wanamwita Dereva. Cheti chake cha kumaliza shule kilikuwa kabatini, nyuma ya mgongo wa karani huyohuyo, na chuo kilikuwa kinafunga kupokea wanafunzi Ijumaa.

"Kaka, si unishushie tu!"

"Cheti hakishuki, dada'angu. Mwenyewe ndiye anapanda, anaweka dole gumba."

"Napandaje na hizo ngazi?"

"Na wewe nawe, unapenda mteremko!" Karani akacheka, akaingia ndani.

Dereva akakaa anaisikiliza hiyo kauli. Mbona ni kweli. Mteremko ndio hasa alikuwa anautaka. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amesimama nyuma ya kiti, futi shingoni na chaki ya kuchorea nguo mfukoni. Dereva akaomba vyote viwili.

Mwanzo alitaka kuanzia karibu na ukuta.

"Utarudi kinyumenyume kama gunia la viazi," mama akasema. "Sogea kule."

Wakasogea mpaka kwa fundi viatu, barabarani. Hapo Dereva akaweka pointi ya kuanzia: sifuri, sifuri. Mama akainama na futi yake, anapima, analalamika kiuno. Dirisha likatoka mita thelathini na sita mbele, mita tatu juu. Tatu kwa thelathini na sita ni moja kwa kumi na mbili. Yaani ukienda mita kumi na mbili mbele, unapanda moja. Cha kujumlisha hakuna, maana umeanzia sifuri. Akauandika mlinganyo kwenye ubao wa kibanda cha fundi viatu: y = x/12.

Mstari ukatokea. Mweupe, mpana kama mlango, toka miguuni kwa fundi viatu hadi dirishani. Fundi viatu akaugonga kwa nyundo.

"Mgumu huu. Ila ngoja nitoe ndoo yangu."

Waliokuwa wanapita wakainamisha vichwa, wakaendelea na safari zao. Dereva akasukuma magurudumu mwenyewe, akafika juu anahema. Karani akasogeza karanga zake. Mstari haukuishia dirishani, mstari hauna breki. Ulipita juu ya meza, ukatoboa ukuta wa nyuma, ukaenda zake juu ya mapaa. Karani akatundika koti lake hapo.

"Haya, nimefika. Wino uko wapi?"

"Umefika, sikatai. Ila umeingilia dirishani. Wageni wanaingilia mlango wa chini. Tangazo si hilo ukutani?"

"Mlango wa chini una ngazi!"

"Ndio huohuo."

"Si unaniona niko mbele yako?"

"Nakuona vizuri kabisa, dada'angu."

Dereva akashuka kinyumenyume, viganja vinawaka moto. Akaenda mpaka mlango wa chini, ambao uko sawia chini ya dirisha. Pointi ya kwanza: thelathini na sita, sifuri. Ya pili: thelathini na sita, tatu. Juu tatu, mbele sifuri. Tatu ugawanye kwa sifuri. Akaandika, akafuta. Akaandika tena, chaki ikavunjika.

"Vipi, mstari unatoka?" mama akauliza.

"Hautoki. Hapa hakuna mteremko, mama."

Ijumaa ikaja, ikapita. Mstari upo mpaka leo. Mchana karani anashukia huo kwenda kula, mikono mfukoni, anapiga mluzi, na akifika kwa fundi viatu anasema huu ndio mteremko sasa. Akishiba anarudi dirishani na karanga zake. Dereva yuko pale mlangoni na kipande cha chaki, anafuta, anaandika upya, anakung'uta maganda begani.