Ngege wa Afande Oyet

Mimi kompyuta sikuzipenda tangu zamani, na siku hizi ndiyo kabisa. Nauza spea za pikipiki mtaani Kamwokya. Kitu kikiharibika nakishika mkononi nakiona kilipopasuka. Mke wangu Alanyo anafanya kazi kwenye maabara ya utafiti, na vitu anavyovichunguza havishikiki. Ni protini za samaki. Anaziunda ndani ya kompyuta, anaziacha zicheze, kisha anatazama ipi inashikana na ipi.

Baba yake, mzee Oyet, ndiye aliyemwelewa kuliko sisi sote. Alikuwa sajini wa polisi, Mwacholi aliyezeekea kambini, na alipostaafu alijenga tangi la saruji nyuma ya nyumba akafuga ngege, wale ambao wengine huwaita sato. Alanyo alimweleza kwamba mwilini mwa samaki kuna protini inayokaa mlangoni. Ikigundua kijidudu inamshika mwenzake wa ndani, na huyo ndiye anayepeleka habari ili mwili uanze kupigana. Wasiposhikana, samaki hufa hata hajajua kuwa amevamiwa. Mzee akasema basi hao ni sentri na tarishi, mbona rahisi. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nakenua meno tu.

Mwaka jana ugonjwa uliingia kwenye matangi ya mtaani kwetu. Vifaranga aliowanunua mzee walikufa wote. Ngege wake wa zamani, aliowazalisha mwenyewe kizazi baada ya kizazi, walibaki wakielea pole pole, hawafi wala hawachangamki. Alanyo alikata vipande vidogo vya mapezi, maabara ikasoma jeni zao, na ikaonekana kwamba tarishi wa ngege hao ana tofauti ndogo ambayo samaki wengine hawana. Sasa tofauti hiyo ilimfanya ashikwe vizuri zaidi, au asishikwe kabisa? Kama anashikwa, hao ndio mbegu ya mtaa mzima. Kama hashikwi, ni wagonjwa wa kudumu na watawaambukiza samaki wa majirani. Mzee akasema atafuata atakachoambiwa na binti yake.

Kompyuta ilihangaika siku kadhaa, ikajibu kwamba sentri na tarishi wanaachana.

Lazima nieleze desturi ya nyumba ile. Watoto wa mzee walilelewa kutoa ripoti: unasimama wima, unamtazama machoni, unasema ulichokiona, kisha unangoja akuambie "legeza". Kabla ya hapo huketi wala huondoki. Na ripoti, alikuwa akisema, haitiwi sukari. Nilipooa nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, maana nilimkuta shemeji Otema, mtu mzima na kitambi chake, amesimama wima akiripoti kwamba gari lake limegonga mbuzi.

Alanyo alisimama akaripoti. Mzee akamwuliza kama ana hakika, akasema ana hakika, akaambiwa legeza. Asubuhi yake mimi na mzee tulitoa maji kwenye tangi, tukawazika ngege wote kwa chokaa. Walikuwa wanarukaruka kwa nguvu ambayo mimi sikuitegemea kwa wagonjwa.

Tangi likabaki kavu. Mzee, ambaye moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka, alikonda mbele ya macho yetu mpaka tukampeleka hospitali ya Mulago. Kitandani pale alikuwa na faraja moja. Kila nilipokwenda kumwona aliniambia tulifanya vizuri, tuliokoa samaki wa watu. Nami nilimjibu ndiyo, mzee, vizuri sana.

Kumbe siyo. Alanyo aliligundua kosa alipokuwa akiandika matokeo yake. Programu ile lazima uiambie protini zipo kwenye joto gani, na yeye mipangilio yote aliiazima kwa Abalo, mwenzake anayechunguza magonjwa ya binadamu. Pale kazini wanapeana mipangilio kama majirani wanavyopeana chumvi. Joto lenyewe wanaliandika kwa kipimo chao cha kisayansi, 310, namba isiyomshtua mtu. Ni joto la mwili wa binadamu. Samaki hana joto lake mwenyewe, ana la maji anamoishi, na maji ya tangi lile hayakuwahi kufika huko. Aliporudia hesabu kwa joto la maji, sentri alimshika tarishi asimwachie.

Nikamwambia labda kompyuta imekosea na safari hii. Akasema labda, ndiyo maana ilipasa kuwauliza samaki wenyewe. Lakini samaki wa kuulizwa hawakuwepo tena.

Nilimkasirikia, sifichi. Nilimsihi anyamaze, mzee anakwenda, mwache aende na faraja yake. Nilipandisha sauti mpaka jirani akazima redio asikilize. Alanyo alinijibu kwamba baba yake anaishi na ripoti ya uongo, na mwenye kuifuta ni aliyeitoa.

Tulikwenda alasiri, saa ya kuona wagonjwa. Alisimama wima kando ya kitanda, mikono ubavuni.

"Ripoti, afande," akasema. "Ile samaki yetu ilikuwa nzima. Kosa ni yangu. Niliweka joto ya mtu."

Mzee akauliza, "Yote ilikuwa nzima?"

"Yote, afande."

Machozi yalimtoka, yakaingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Alifumba macho. Midomo ilitikisika kidogo, kisha ikatulia. Alanyo aliendelea kusimama. Wageni wa vitanda vingine waliaga wakaondoka, nesi akaja kutuomba tutoke, na bado amesimama, mpaka nikamshika mkono nikamtoa. Kesho yake mzee alifariki. Kama legeza aliinyima kwa hasira au alikosa pumzi tu, sijui, na linaniuma.

Tuliporudi kutoka mazishini kwao Gulu, nyumba ilijaa watu. Wote walikuwa wamekaa isipokuwa Alanyo, aliyesimama katikati ya sebule, mikono ubavuni. Nikamsogelea.

"Alisema legeza," nikamwambia. "Mi nilisikia."

"Dawudi," akasema, "mimi ndio nilikuwa karibu."

Nikamvutia kiti. Hakukaa.