Rimu za Harusi ya Yunusi

Yunusi alitumia siku tatu nzima kuchagua rimu, na siku zote hizo Hidaya alikuwa naye. Yunusi alikuwa mfanyabiashara wa mchele wa Turiani, kijana wa maneno mengi. Corolla yake nyeupe, aliyoitoa bandarini miezi minne nyuma, ilikuwa imelala gerejini kwa kina Hidaya, Msamvu, ikitengenezwa upya iwe gari la kumchukulia mke. Miaka ile kila aliyepata gari la Japani alitaka lisifanane na la jirani yake. Bampa mpya ya mbele ilishafungwa, imeshuka karibu na ardhi. Sketi za ubavuni zilishafungwa, madigadi yanayofunika magurudumu yametanuliwa. Zilibaki rimu.

Salum, kaka yake Hidaya na mwenye gereji, alileta seti tatu kutoka Dar. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya dhahabu, imesukwa kama wavu. Yunusi akasema inamkumbusha meno ya bandia. Ya pili ilikuwa bapa kama sinia. Ya tatu, ya inchi kumi na tano, ilikuwa na mikono mitano iliyopinda. Hidaya, ambaye kazi yake pale ilikuwa rangi, aliiegemeza kwenye gari, akarudi nyuma hatua sita.

"Hii," alisema. "Inajaza nafasi yote, na haitokezi nje."

"Basi. Dada Hidaya keshasema," Yunusi akajibu, na hakuziangalia tena zile nyingine.

Alhamisi, akizipiga msasa kabla ya rangi, Hidaya alihisi kitu upande wa ndani wa rimu ya nne. Akafuta vumbi kwa kidole. Ulikuwa mstari wa weldi, urefu wa kalamu.

"Kaka, hii ilipasuka."

Salum aliinama, akautazama. "Ilipasuka, ikachomewa. Imeisha hiyo."

"Gari linapanda mlima hadi Kinole kumchukua bibi harusi, kaka. Siyo kuzunguka mjini."

"Harusi ni Jumamosi. Rimu ya hivi nyingine nitaitoa wapi, mfukoni? Weka puti, piga rangi."

Akaweka puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi. Akapiga rangi ya fedha, na mstari ukapotea. Ijumaa Yunusi alikuja kuchukua gari, akapitisha kiganja juu ya rimu ileile, akasema, "Laini kama shavu la mtoto." Hidaya aligeuka, akaanza kuosha bunduki ya rangi ambayo alishaiosha.

Jumamosi asubuhi Corolla ilipita Msamvu ikipiga honi, riboni zikipepea. Hidaya alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Aliwaza kwamba wakati wa kupanda wapo watatu tu, ila wakati wa kurudi watajaa, bibi harusi ndani, na mteremko wote ule uzito utakuwa juu ya magurudumu. Chai ikamshinda.

Nyuma ya gereji yalikuwapo magurudumu manne ya zamani ya gari lile, ya chuma, na matairi yake. Stefano, dereva wa pikapu aliyekuwa akienda Kinole kuchukua ndizi, alikuwa bombani akichota maji ya rejeta.

"Stefano, nipakize na haya."

Salum alichomoza kutoka chini ya gari. "Hidaya! Unayapeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Ukipanda pikapu hiyo, usirudi hapa kazini."

Akapanda.

Kuanzia Bigwa macho yake yalikuwa kwenye kila korongo, yakitafuta kitu cheupe. Mkuyuni walisimama, akamuuliza mama mmoja muuza machungwa kama ameliona gari la harusi.

"Wamepita. Walisimama hapa wakajaza upepo kwa pampu ya mguu. Tairi la nyuma."

Hidaya alirudi kwenye kiti. "Ongeza mwendo," alimwambia Stefano.

"Udongo umelowa. Nikiongeza, tutawasubiri bondeni," Stefano akajibu, lakini akaongeza kidogo.

Walipofika Kinole ndoa ilishafungwa. Asia, bibi harusi, alikuwa kiti cha nyuma pamoja na mama yake Yunusi na shangazi mmoja. Wanawake walikuwa wakiimba, Yunusi ameshika funguo. Kando ya mlango alisimama mzee Kibwana, mjomba wa Asia, ambaye ndiye aliyemwoza. Hidaya aliruka chini, gauni limejaa tope.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umechelewa kula, mwanangu."

"Sikuja kula. Yunusi, usiwashe gari."

Yunusi alicheka, kisha akaona Stefano akishusha magurudumu. Kicheko kikakatika. "Umeniletea makopo hayo leo? Mbele ya wakwe zangu?"

"Rimu ya nyuma, kushoto, imechomewa. Niliiona Alhamisi. Nikaifunika kwa puti mwenyewe, kwa mkono huu."

Wanawake waliokuwa karibu wakaacha kuimba, wakasogea.

"Jana nilikuwa nimesimama mbele yako," Yunusi alisema taratibu. "Hukuniambia."

"Sikukuambia. Na ungeniuliza, ningekudanganya."

"Tairi lile limeingia msumari tu."

"Umejaza upepo mara ngapi?"

Yunusi alitazama pembeni. "Mbili."

Mzee Kibwana hakujua habari za rimu, ila alielewa hilo. Akafungua mlango. "Asia, shuka."

"Mjomba, haya ni mambo ya gereji," Yunusi alisema.

Lakini Asia alishaweka mguu chini, ameshika khanga yake isiguse tope. "Ifungueni tuione," alisema.

Stefano alipiga jeki, akalegeza nati. Wakaigeuza rimu. Puti ilishabanduka, na ufa umetembea kutoka kwenye weldi hadi ukingoni. Hidaya aliingiza ukucha, ukazama. Yunusi akaingiza wake. Kisha akakaa palepale chini, na suti yake.

"Mama alikaa upande huu," alisema.

Alisimama ghafla, akaitupa spana kwa nguvu zote hadi kwenye migomba ya mtu. Stefano akaenda kuitafuta, maana bado magurudumu matatu hayajafunguliwa.

Yalipofungwa yale ya zamani, yalionekana madogo mno ndani ya madigadi yale mapana. Asia alitazama, akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka hadi machozi; na wanawake wakacheka naye. Yunusi hakucheka. Alishuka mlima polepole bila kumtazama Hidaya, na Hidaya akawafuata kwenye pikapu, katikati ya mikungu ya ndizi, macho hayabanduki kwenye gurudumu la nyuma, hadi walipofika lami.

Jioni alizishusha rimu mlangoni mwa gereji, akaondoka bila kuingia.

Jumatatu alikwenda kuchukua bunduki yake ya rangi. Alimkuta Salum amepiga magoti, anaikata ile rimu yenye ufa kwa msumeno wa chuma, jasho linamtiririka. Hakuinua kichwa.

"Asije akauziwa mtu mwingine," alisema.

Rimu ilikuwa ikimtelezea kila alipovuta msumeno. Hidaya akachuchumaa, akaishika upande wa pili.