Kadi Mia Sita za Norbert

Norbert alikuwa anaandika tasnifu kuhusu wanazuoni wa kale wa Ulaya, walivyolemewa na vitabu mpaka wakabuni njia za kujiokoa: wakikata madondoo kwa mkasi, wakiyapanga kwa mada, na kuyabandika kwenye kadi kwa gundi ya unga ili yakitaka kuhamishwa yabanduliwe kwa maji. Mwaka 2009, katika nyumba yao ya Rinkeby, huko huko Ulaya, akaamua kufanya vivyo hivyo. Kazi yenyewe, bila shaka, akamtupia mkewe.

Hortense alirudi kila jioni kutoka kuwaogesha wagonjwa katika hospitali ya Flemingsberg, miguu inawaka moto, akakaa mezani na mkasi. Mbele yake kulikuwa na madaftari tisa ambayo Norbert aliyaandika Bukavu, katika maktaba ya mapadri iliyokuja kuungua vitani. Nakala nyingine haikuwepo duniani.

"Papa Heshima, huku nyuma kuko pia maandiko," alimwambia siku ya kwanza. "Nikibandika, haitaonekana."

Wale wa kale waliandika upande mmoja tu wa karatasi, na Norbert alilijua hilo vizuri sana. Lakini Bukavu karatasi zilikuwa adimu, na kwamba yeye mwenyewe aliandika pande zote mbili alishasahau. Hakuinua hata macho.

"Mama Heshima, weye ukate. Kufikiri uniachie miye."

Jumapili, mbele ya watu wa kanisa, akamwambia rafiki yake Bethuel, "Huyu ndiye mkono wangu. Kichwa kiko huku." Wakacheka sana. Hortense naye akacheka, maana angefanyaje? Kesho yake akapika gundi, akakata, akabandika. Kadi mia sita.

Norbert alizifungua siku tatu kabla ya kuonyesha kazi kwa msimamizi wake, Christina. Sentensi ziliishia hewani. Mwendelezo ulikuwa nyuma, umelala kwenye gundi. Alipiga yowe. Kisha akatulia, akatabasamu kwa ule ujuaji wake.

"Wazee wale walifanyaje? Maji!"

Akajaza bafu maji ya vuguvugu, akamimina kadi zote kwa mkupuo mmoja. "Ziangalie nusu saa," alimwagiza mkewe, akaenda sebuleni kunywa chai.

Hortense alijua. Alipokuwa akibandika, kidole chake kibichi kiligusa neno moja, na wino ule wa shule, unaoyeyuka kwa maji, ukageuka doa. Angeweza kumwita mumewe. Badala yake alikaa ukingoni mwa bafu, akatazama maji yakigeuka buluu, na moyo wake ukafurahi waziwazi.

Norbert aliporudi alipiga magoti, akaopoa karatasi moja, ya pili, ya kumi. Zote nyeupe.

"Ulikuwa hapa muda wote," alisema. "Hukuona?"

"Niliona."

"Sasa mbona hukuniita?"

Hortense akamtupia taulo ajifute mikono.

"Ulisema niziangalie," alijibu. "Nimeziangalia."